Mji Usio na Kipindi Chake cha Mchana

Ukiingia katika saluni yoyote ya Dodoma mjini saa tano asubuhi, iwe Majengo, Chang'ombe au Area C, utakuta runinga imewashwa na mtu mmoja au wawili wanaitupia jicho huku kazi ikiendelea. Kinachoonyeshwa mara nyingi ni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, au muziki, au marudio ya kipindi kilichorushwa kutoka Dar es Salaam usiku uliotangulia. Kazi yangu ya kufundisha ni ya jioni, kwa hiyo mchana wangu una nafasi kuliko wa majirani zangu wengi, na nimepata muda wa kutosha kuyaangalia mambo haya. Katika runinga hizo, kwa saa hizo, sijapata kuona watu wa Dodoma wameketi mezani wakizungumza mambo ya Dodoma.

Ukiuliza sababu, utaambiwa kuwa fedha hakuna na kwamba mchana watazamaji ni wachache. Majibu hayo yana ukweli, lakini hayaelezi kwa nini miji midogo kuliko wetu, katika nchi nyingine na zama nyingine, iliweza kuwa na vipindi vya mazungumzo vya mchana vilivyotengenezwa humo humo mjini, vikapendwa, vikalipa, na baadaye vikatoweka. Miji hiyo ni ya Marekani, na ninaamini kuwa namna ilivyovipata na kuvipoteza vipindi hivyo inatufunulia jambo kuhusu hali yetu wenyewe.

Tuanzie Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Huko alikuwapo mama mmoja, Ruth Lyons, ambaye kipindi chake cha adhuhuri kilianza redioni mwaka 1946, kikahamia kwenye televisheni mwaka 1949, naye akakiendesha hadi alipostaafu mwaka 1967. Kiliitwa 50-50 Club. Aliketi na maikrofoni iliyofichwa ndani ya shada la maua, akazungumza na wageni, akacheka na kina mama waliokuja ukumbini wamevaa glavu nyeupe, na alipofika kwenye matangazo ya wadhamini hakusoma karatasi ya mtu. Alizieleza bidhaa kwa maneno yake mwenyewe, kama jirani anayekwambia duka gani lina mchele mzuri. Wafanyabiashara walipanga foleni ili watajwe na mwanamke huyo, na orodha ya watu waliosubiri tiketi za kuingia ukumbini ilikuwa ya miaka. Kipindi kilionekana pia katika miji ya jirani kama Dayton, Columbus na Indianapolis kwa kuwa vituo vyake vilikuwa vya kampuni moja, lakini kilibaki kuwa kipindi cha bonde la mto Ohio, chenye lafudhi na habari za huko.

Mwaka huo huo Ruth Lyons alipostaafu, kituo cha Dayton kilianzisha kipindi kingine ambacho historia yake ndiyo inayonivutia zaidi. Dayton ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao robo milioni. Jiji la Dodoma, kwa sensa ya mwaka 2022, lina watu zaidi ya 750,000. Novemba 6, 1967, kijana mmoja mtangazaji, Phil Donahue, alianza kuongoza mazungumzo ya asubuhi, na mgeni wake wa kwanza alikuwa Madalyn Murray O'Hair, mwanamke aliyejulikana nchi nzima kwa kutetea kutoamini Mungu. Ukumbini walikuwamo kina mama waliokuwa na tiketi za kipindi kingine cha burudani ambacho kilikuwa kimefutwa. Waliachwa waingie kwa sababu hapakuwa na namna ya kuwarudisha nyumbani. Kina mama hao waliuliza maswali mazuri kuliko ya mtangazaji. Donahue aliliona hilo upesi, akainuka kwenye kiti chake na kuanza kuzunguka kati yao na maikrofoni mkononi, na mtindo huo ukaja kuigwa na karibu kila aliyefuata baada yake.

Hapa pana jambo ambalo watu wa miji kama yetu wanapaswa kulitafakari polepole. Donahue hakuchagua mazungumzo ya mada moja kwa saa nzima kwa sababu alikuwa na falsafa fulani ya utangazaji. Waigizaji na waimbaji maarufu hawakupita Dayton. Hakuwa na wanamuziki wa kumpigia, hakuwa na nyota wa kumkalisha kochini, kwa hiyo alilazimika kutafuta mada zenye uzito na watu wa kuzijadili, na alilazimika kuwatumia wakazi wa mji wake kama washiriki. Uhaba wa Dayton ndio uliokizaa kipindi. Kama kingeanzia Hollywood, huenda kingekuwa cha wacheza filamu wakisifia filamu zao, kama vilivyokuwa vipindi vingi vya huko.

Katika miaka ya 1970 karibu kila mji mkubwa wa Marekani ulikuwa na kitu cha namna hiyo. Cleveland ilikuwa na The Morning Exchange kuanzia mwaka 1972, kipindi cha asubuhi kilichopendwa kiasi kwamba mtandao wa televisheni wa ABC, unaoonekana nchi nzima, ulichukua muundo wake ulipobuni kipindi chake cha asubuhi, Good Morning America, mwaka 1975. Detroit ilikuwa na Kelly & Company tangu mwaka 1977, kikiendeshwa na mume na mke. Baltimore mwaka 1978 iliweka kipindi kilichoitwa People Are Talking, na mmoja wa waendeshaji wake wawili alikuwa binti wa miaka 24 ambaye kituo kilikuwa kimemwondoa kwenye usomaji wa habari za jioni kwa kuona hazimfai. Binti huyo aliitwa Oprah Winfrey.

Kinachofuata kinajulikana na wengi, ila mara nyingi husimuliwa kama habari ya mtu mmoja kufanikiwa. Januari 1984 Oprah alihamia Chicago kuongoza kipindi cha mji huo, AM Chicago, kilichokuwa mkiani kwa watazamaji, na katika muda mfupi sana akampita Donahue, ambaye naye alikuwa amehamishia kipindi chake Chicago mwaka 1974. Septemba 8, 1986, kipindi cha Oprah kilianza kuuzwa kwa vituo vya nchi nzima, kikaendelea hadi Mei 25, 2011. Donahue alihamia New York mwaka 1985 na kufunga mwaka 1996. Hata Jerry Springer, aliyepata kuwa meya wa Cincinnati, alianza mwaka 1991 katika kituo kile kile cha Ruth Lyons, akaenda Chicago mwaka uliofuata, na mtu aliyekuwa akiwahoji viongozi akaishia kusimamia ugomvi wa wapenzi mbele ya walinzi. Maua na glavu nyeupe hadi kurushiana viti, na yote yalianzia jengo moja. Sijui kama kuna kituo kingine duniani chenye wasifu wa namna hiyo.

Kila kipindi cha mji kilichofanikiwa kiliondoka mjini, na kila kilipoondoka na kuuzwa kwa vituo vingine, kiliziba saa ambayo kipindi cha mji mwingine kingekuwamo. Meneja wa kituo cha Detroit au Boston alikuwa na hesabu nyepesi mezani. Upande mmoja alikuwa na kipindi chake mwenyewe, chenye waandaaji, wapiga picha, mtu wa kutafuta wageni, ukumbi na taa, kila siku ya kazi. Upande wa pili aliletewa kipindi kilichokwisha kutengenezwa, chenye jina kubwa, ambacho mara nyingine sehemu ya bei yake ililipwa kwa kuwaachia wauzaji dakika kadhaa za matangazo ya biashara. Kipindi cha kununua kilikuwa na watazamaji wengi kuliko cha nyumbani na hakikuhitaji kuajiri mtu. Kelly & Company kilifungwa mwaka 1995, The Morning Exchange mwaka 1999, na Northwest Afternoon cha Seattle, ambacho kilidumu kuliko vingi, kilimalizika mwaka 2008.

Kulikuwa na sababu nyingine zilizosukuma upande huo huo. Mwaka 1960 chini ya asilimia 40 ya wanawake wazima wa Marekani walikuwa katika nguvu kazi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 walifika asilimia 60, na wale waliokuwa wakimtazama Ruth Lyons adhuhuri sasa walikuwa ofisini na viwandani. Mwaka 1984 serikali iliondoa ukomo wa dakika za matangazo ya biashara, na vituo vikagundua kwamba nusu saa inaweza kuuzwa yote kwa mtu anayetangaza sufuria au dawa ya kupunguza unene. Kisha zikaja chaneli za kulipia kwa wingi, zikagawana waliobaki.

Vipindi vichache vilivyosalia au kuzaliwa upya katika miji vilipata njia ya kuishi ambayo binafsi naiona mbaya kuliko kufa. Mwaka 2003 ilifahamika kwamba kipindi cha Daytime cha kituo kimoja cha Tampa, Florida, kilikuwa kikitoza wageni wake hadi dola 2,500 ili wapewe dakika chache za mahojiano. Mgeni analipa, mtangazaji anatabasamu, na mtazamaji anadhani anaona mazungumzo. Nasema ni mbaya kuliko kufa kwa sababu kipindi kilichokufa hakimdanganyi mtu.

Sasa turudi nyumbani. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Televisheni ya serikali, TVT, ambayo leo ndiyo TBC1, ilikuja miaka michache baadaye. Vituo hivyo karibu vyote vilizaliwa Dar es Salaam, na vilipokua vilitanuka kuelekea nchi nzima bila kupitia hatua ile ya Cincinnati na Dayton, yaani hatua ya kituo kilichokuwa mali ya mji mmoja na kilichoishi kwa matangazo ya maduka ya mji huo. Huu ndio msingi wa hoja yangu. Marekani ilikuwa na mazungumzo ya miji kisha yakamezwa na mazungumzo ya taifa. Sisi tulianza na mazungumzo ya taifa, na miji yetu haikupata zamu.

Wala sisemi kwamba tulichopata kilikuwa hafifu. Kipima Joto cha ITV kimejenga mabishano ya hoja nyumba nyingi, na Dakika 45 cha kituo hicho hicho kimewakalisha wakubwa wengi mbele ya maswali. EATV ilitupa Mkasi cha Salama Jabir, ambamo maswali yalikwenda ndani kuliko wageni walivyozoea, na Wanawake Live cha Joyce Kiria, kilichoyasema wazi mambo ambayo kina mama walikuwa wakinong'onezana. Clouds TV ilikuwa na Take One cha Zamaradi Mketema. Lakini vingi kati ya vipindi hivi vilipangwa kurushwa usiku, wakati baba amerudi na sahani zimekwisha kuoshwa, na asubuhi ikaachiwa Jambo Tanzania cha TBC na wenzake. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni palibaki marudio. Mazungumzo ya mchana yalikwenda redioni. Anayebisha na asimamishe daladala yoyote saa hizo asikilize.

Pamoja na hayo, kulikuwa na dalili kwamba meza si lazima ikae Dar es Salaam. Star TV ilirusha Tuongee Asubuhi kutoka Mwanza, na watu wa Kanda ya Ziwa walisikia mambo ya samaki na pamba yakipewa nafasi ambayo yasingeipata kwingine. Majirani zetu wa Morogoro wana Abood TV. Dodoma, ambayo uamuzi wa kuifanya makao makuu ulifanywa mwaka 1973, na ambayo serikali ilianza kuhamia kwa kasi baada ya tamko la mwaka 2016, imejaa kamera kuliko mji wowote wa katikati ya nchi, ila kamera hizo hufuata mawaziri. Mwandishi anafika, anachukua maneno ya kiongozi, anayatuma Dar es Salaam, na mji wenyewe unabaki kuwa mandhari nyuma ya mkutano wa waandishi wa habari.

Hata hivyo Dodoma ilipata kuwa na kipindi chake cha mchana, nacho kilikuwa Bunge. Kwa takribani miaka kumi, TBC ilirusha mikutano ya Bunge mubashara, kuanzia maswali na majibu saa tatu asubuhi, na nchi nzima ilitazama ukumbi ulioko hapa kwetu. Nakumbuka mafundi cherehani wa Majengo wakiongeza sauti siku za Alhamisi kwa ajili ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na mabishano yakihamia kwenye vibaraza kabla kikao hakijaahirishwa. Kilikuwa na kila kitu ambacho Donahue angekitaka: mada, ushindani, mtu anayeulizwa asiloliandaa, na watazamaji wenye sababu ya kujali majibu. Mwishoni mwa Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitaendelea kurusha mikutano hiyo mubashara isipokuwa baadhi ya matukio, na gharama iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Sababu nyingine zilijadiliwa sana wakati huo na sitazirudia. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hesabu iliyowekwa mezani ilifanana na ile ya meneja wa Detroit, yaani gharama ya mazungumzo dhidi ya gharama ya kuweka kitu kingine mahali pake. Tofauti ni kwamba huyu wa Detroit alikuwa na mfanyabiashara wa kumjibu, na sisi tulikuwa na walipa kodi.

Teknolojia nayo ilitusogeza mbali zaidi na mji. Mtambo wa analojia ulipozimwa Dodoma mapema mwaka 2013, wiki chache tu baada ya Dar es Salaam, antena ya juu ya bati ikawa haina kazi bila king'amuzi. Picha ilikuwa safi, sikatai. Lakini kituo kinachotaka kuonekana sasa kinapaswa kubebwa na kampuni yenye mtambo wa kurusha, na gharama hiyo ni nzito kwa mtu anayetaka kuzungumza na watu wa kata kumi tu. Agosti 2018 ikaja purukushani nyingine, pale kampuni za ving'amuzi vya kulipia zilipotakiwa kuondoa chaneli za ndani ambazo ni za bure kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba. Usiku mmoja nyumba nyingi zilibaki na filamu za Kihindi na mpira wa Ulaya, bila ITV na chaneli nyingine za ndani za bure. Kanuni zilibadilika baadaye na chaneli zikarejea, ila kwa wadhamini wa vipindi vya mazungumzo hicho kilikuwa kipindi cha kujiuliza wanamlipia nani.

Wengi wakaenda mtandaoni. Salama Jabir mwenyewe alianzisha Salama Na kwenye YouTube, na mazungumzo yake ya huko ni marefu na yenye utulivu kuliko yale ya runinga yalivyoruhusiwa kuwa. Ila si kila mtu alikuwa na jina la kuanzia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya shilingi 100,000 kuomba leseni, shilingi milioni moja ya leseni yenyewe na milioni nyingine kila mwaka, na ingawa ada hizo zilipunguzwa baadaye, kwa miaka ile kijana wa Nkuhungu mwenye kamera ya kuazima hakuwa na pa kuanzia. Waliobaki katika uwanja huo walikuwa wale wenye uwezo wa kupata watazamaji wengi haraka, na njia ya haraka inajulikana: nani kaachana na nani, nani kamjibu nani, na vichwa vya habari vyenye alama tatu za mshangao. Springer alifika huko baada ya miaka kadhaa ya kujitahidi. Sisi tulishushwa hapo hapo kwenye kituo cha mwisho.

Mama mmoja mwenye saluni jirani na ninapoishi aliniambia jambo ambalo sikulisoma katika historia yoyote ya utangazaji. Nilimuuliza kwa nini anapenda zaidi tamthilia kuliko mazungumzo, akacheka. "Mwalimu, mimi sitazami, nasikiliza. Macho yangu yako kichwani kwa mteja. Hizo tamthilia wala sijui sura zao, najua sauti zao. Wakiweka watu wanaoongea mambo ya hapa, nitasikiliza vilevile, maana hata sasa tunayaongea wenyewe."

Maelezo yake yananifanya nifikiri kwamba hoja ya watazamaji wachache wa mchana imehesabiwa kwa kipimo kisicho chetu. Mwanamke wa Marekani alipotoka kwenda kazini, aliiacha runinga nyumbani. Mwanamke wa Dodoma anayefanya kazi mchana mara nyingi yuko saluni, dukani, kwenye mgahawa wa mama lishe, kwenye kibanda cha kutuma na kutoa fedha, na runinga iko naye kazini. Ongeza na wale wanaosubiri zamu hospitalini, abiria walioketi stendi, na vijana wasio na ajira ambao wana muda kuliko walivyo na vocha. Mazungumzo yanamfaa mtu ambaye mikono yake ina kazi, kwa sababu hayamdai macho.

Mada hazikosekani. Dodoma ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya zabibu za nchi hii, mavuno ni mara mbili kwa mwaka, na kila msimu kuna wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi wanaobaki na mzigo ambao mnunuzi amekataa au ameupunguzia bei. Sijaona saa moja ya televisheni ambamo mkulima, mwenye kiwanda na afisa kilimo wameketi pamoja wakaulizana. Suala la viwanja peke yake lingejaza mwaka mzima. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyowapangishia watu ardhi kwa hati za miaka 33, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri, na mpaka leo ukikaa na wazee wa Ipagala au Kikuyu hutasikia habari nyingine kabla ya hiyo. Kuna maji. Kuna ufugaji ndani ya jiji. Kuna mtu anayetaka tu kueleza namna ya kukausha mlenda usipoteze rangi, na ninakuhakikishia angepata watazamaji kuliko mheshimiwa yeyote.

Kuna mada moja ambayo nasita kuiweka mbele ya kamera. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa karibu asilimia 47 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kiwango kilichozidiwa na Manyara pekee. Jambo hilo linapaswa kuzungumzwa, tena na wanawake wenyewe. Lakini redio za hapa mjini, kama Dodoma FM na Mwangaza, zinaweza kumpa bibi wa kijijini nafasi ya kusema bila sura yake kuonekana, na mjukuu wake asinyooshewe kidole kesho yake. Kwa mada kama hiyo redio ni bora, na sioni sababu ya televisheni kuionea wivu. Mgawanyo wa kazi unawezekana: kinachohitaji kuonekana, kama ugonjwa wa majani ya mzabibu au ramani ya viwanja iliyochorwa mara mbili, kiende kwenye runinga, kinachohitaji stara kibaki redioni.

Linabaki swali la nani atalipia, na hapa ndipo narudi kwenye tofauti ya msingi kati yetu na Dayton. Mwenye duka la samani wa barabara ya Sita hana sababu ya kununua tangazo katika chaneli inayoonekana Kigoma na Mtwara, kwa sababu kitanda chake hakitauzwa huko, na bei ya tangazo hilo imepangwa kwa watu wa nchi nzima. Ruth Lyons aliweza kuishi kwa matangazo kwa kuwa waliomsikia ndio waliokuwa na uwezo wa kwenda dukani jioni hiyo hiyo. Leseni za utangazaji za hapa nchini zina daraja la wilaya na la mkoa mbali na la taifa, kwa hiyo mlango wa kisheria upo. Mtandao nao, kwa ubaya wake wote, una uwezo wa kumfikia mtu wa Makole bila kulipia mtambo wa kufika Bukoba.

Kama yupo anayefikiria kuanza, ningemshauri asianze na ukumbi wa hoteli wala meza ya kioo. Vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma, vina vijana wanaojua kushika kamera na ambao hawajapata kazi ya kuwalipa. Aweke kamera mbili katika soko la Majengo, saa nane mchana, biashara inapopoa na joto likiwafukuza wateja, awape wauza nyanya viti vya mbele, na mgeni wa kwanza awe mtu ambaye wao wana swali naye, hata kama ni afisa wa kukusanya ushuru. Matangazo ya biashara yasomwe na mwuzaji mwenyewe. Na mgeni yeyote atakayetoa bahasha ili aalikwe, arudishiwe mbele ya kamera.